Usianze na Sebule: Ushauri kwa Anayehamia Jengo la Ghorofa Arusha

Dalali mzoefu wa Arusha hakupeleki kuona nyumba ya ghorofani saa nane mchana. Anakupigia simu usiku, anakwambia mkutane pale Mnara wa Saa saa moja kamili asubuhi, na usichelewe. Mnapanda lifti hadi ghorofa ya sita, anafungua mlango, anavuta pazia, na Mlima Meru wote uko dirishani, kuanzia msituni hadi kileleni, bila wingu hata moja. Hasemi neno. Anakuacha uutazame ushibe. Baada ya dakika mbili anauliza, "Sasa bosi, tuandikishane?"

Nami niliandikishana. Jengo lenyewe sitalitaja jina. Chini lilikuwa na fremu za maduka, ghorofa ya kwanza hadi ya tatu ni ofisi, juu ya ofisi nyumba za kupanga, na juu kabisa mgahawa wenye baa. Nilikagua sebule, nikafungua kabati za jikoni, nikajaribu bomba la bafuni na maji yakatoka kwa nguvu. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Jumapili yangu ya kwanza nikiwa mpangaji, saa sita mchana, bomba lilikoroma likatoa upepo mtupu. Nikashuka kwa mlinzi, mzee mmoja aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya geti.

"Shikamoo mzee. Maji yamekatika?"

"Marahaba mwanangu. Hayajakatika, yapo." Akanipeleka nyuma ya jengo akaligonga tenki la chini kwa fimbo. Limejaa. "Shida ni pampu. Iko kwenye mita ya watu wa ofisi. Wakifunga Jumamosi mchana, wanazima mpaka Jumatatu."

Akaniazima ndoo mbili. Lifti ilikuwa inafanya kazi, ila kuingia humo na ndoo za maji ni marufuku, kwa kuwa yakimwagika yanaharibu nyaya. Nikapanda ngazi. Nilipofika ghorofa ya nne nimetua ndoo nahema, ndipo lilipoingia akilini jambo ambalo dalali hakuwa na haja ya kuniambia: Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500, lakini haupandishi maji hadi ghorofa ya sita. Nilikuwa nimelipia vyumba. Ninachoishi nacho ni pampu, mita, lifti, ngazi na watu wanaokaa chini yangu na juu yangu.

Makala haya ni kwa yeyote anayefikiria kupanga nyumba, kukodi fremu au kununua sehemu katika jengo la namna hii, lenye maduka, ofisi na makazi kwa pamoja. Arusha majengo haya yanazidi kuota. Katikati ya jiji ardhi imekwisha, na jengo ambalo halikwenda pembeni limekwenda juu. Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote ni matawi yake: kagua kwanza vile mnavyochangia, halafu ndipo uingie chumbani.

Jiji letu si geni kwa jambo hili

Tusidhani mchanganyiko wa shughuli ndani ya jengo moja umeletwa na vioo vya siku hizi. Tazama Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, AICC. Majengo yake matatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, yalijengwa yawe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na mwaka uliofuata majengo yakapewa kazi mpya ya kuwa kituo cha mikutano na ofisi za kupangisha. Kuanzia mwaka 1995 yakapokea Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyofunga shughuli zake mwisho wa mwaka 2015. Kwa hiyo kwa miaka 20 watu walikuwa wakipanda ngazi za eneo moja, huyu akienda kusikiliza kesi iliyofuatiliwa na dunia nzima, yule akienda ofisini kwake kuuza safari za mbugani.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapo. La kwanza, jengo lote lina mwenyewe mmoja. Lifti ikikwama, malalamiko yana mlango wa kupeleka. Jengo lililouzwa vipandevipande kwa watu 40 halina mlango huo mpaka wenyewe wakae chini waufungue, na nitalirudia hili mbele. La pili, mpangaji mkubwa hubeba jengo. Siku akiondoka, nafasi anayoiacha haijazwi kwa wiki moja. Kabla hujasaini, uliza nani analipa kodi kubwa kuliko wote hapa. Ni benki? Ni shirika la nje lenye mradi wa miaka mitatu? Uliza mkataba wake unaisha lini, kwa sababu fedha yake ndiyo inayonunua dizeli ya jenereta yako.

Maji: yanatoka wapi, yanapandaje

Arusha swali la maji lina sehemu mbili, na wengi huuliza moja tu.

Sehemu ya kwanza ni chanzo. Je, jengo linatumia maji ya AUWSA, mamlaka ya maji ya jiji, au kisima lilichochimba lenyewe? Udongo na miamba yetu ni zao la volkano, na maji ya chini ya ardhi katika maeneo mengi kuzunguka Meru hubeba floraidi nyingi. Kila mtu wa huku anaijua alama yake, meno ya kahawia ambayo hayasuguliki yakatakata. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki palepale, kwa hiyo unazidi kuikoleza. Mwenye jengo akikwambia ana kisima chake kizuri, mwombe karatasi ya vipimo vya maabara, na usome mstari wa floraidi. Kama hana, maji hayo ni ya kuogea na kufulia. Ya kunywa na ya kupikia uji wa mtoto tafuta kwingine. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa, kwa hiyo elimu na vichujio vipo jirani kwa anayetaka.

Sehemu ya pili ni safari ya maji kutoka chini kwenda juu. Uliza tenki la chini lina ujazo gani na la juu lina ujazo gani, kisha piga hesabu mwenyewe. Tuseme nyumba ni 24, kila nyumba ina watu wanne, na kila mtu anatumia lita 80 kwa siku. Hizo ni lita 7,680. Tenki la juu la lita 10,000 linawatosha kwa siku moja na kidogo, kabla mgahawa haujaosha sahani na saluni haijaosha nywele. Kisha uliza swali lililonigharimu ndoo mbili: pampu iko kwenye mita ya nani, na Jumapili anaiwasha nani?

Umeme, lifti na ngazi

Neno "jenereta ipo" ni la kweli karibu kila jengo. Swali ni jenereta inawasha nini. Ipo jenereta ya jengo zima, na ipo jenereta ya benki ya chini ambayo wewe wa juu unapata mlio wake na moshi wake tu. Mwambie msimamizi akuonyeshe ubao wa swichi na akutajie kwa kidole: lifti, pampu, taa za ngazi, nyumba. Kama lifti haimo, ujue siku umeme ukikatika uko ghorofa ya sita kwa miguu.

Kwa sababu hiyo panda ngazi siku ya kwanza kabisa, hata kama lifti ipo wazi inakungoja. Panda mpaka mlangoni kwako. Ukishusha pumzi, fikiri juu ya mama yako akija kukutembelea kutoka Moshi au Karatu, na fikiri juu ya mtungi wa gesi. Wakati unapanda, angalia pia kama ngazi zina mwanga, kama zina pumzi ya hewa, na kama hakuna aliyegeuza sehemu ya kupumzikia kuwa stoo ya maboksi.

LUKU nayo ina mambo yake. Kama nyumba ina mita yake ya TANESCO, sawa. Kama jengo lina mita kubwa moja na wewe umefungiwa mita ndogo, uliza unauziwa uniti kwa shilingi ngapi na omba kuona risiti ambayo jengo lenyewe linanunulia. Tofauti ndogo ina maelezo, kwa sababu taa za korido na lifti lazima mtu azilipie. Tofauti kubwa ni biashara anayoifanya mtu mgongoni mwako.

Tena, tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Kwa viwango vilivyoanza mwaka wa fedha 2023/24, nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, na jengo la ghorofa mijini shilingi 7,500 kwa kila ghorofa. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Ikiwa inakatwa kwenye mita unayonunulia wewe, andikeni kwenye mkataba kwamba utairudisha kwa kuipunguza kwenye pango. Shilingi 7,500 kwa mwezi ni 90,000 kwa mwaka, na hakuna anayeokota fedha hiyo barabarani.

Nani yuko chini yako, nani yuko juu

Katika nyumba ya chini, jirani yuko ng'ambo ya ukuta wa uani. Ghorofani jirani yuko chini ya kitanda chako.

Saluni ni jirani mwema. Inafunga saa mbili usiku na harufu yake ni ya dawa za nywele. Ofisi ni jirani bora kuliko wote usiku, ila mchana lifti ni yake. Mgahawa ni jirani wa kutazamwa: uliza bomba la moshi linatokea wapi, maana nikiwa pale juu nilijua saa ya nyama choma bila kutazama saa. Baa ya juu ya paa ndiyo mtihani. Mandhari yake ni nzuri, wageni wanaipenda, na spika zake zimefungwa juu ya dari la mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwapeleka watalii Tarangire. Ukumbi wa maombi wa mkesha wa Ijumaa ni habari hiyohiyo kwa nyimbo tofauti.

Mkataba mzuri wa jengo la mchanganyiko hutaja saa za muziki, mahali pa mitungi ya gesi ya mgahawa, saa za magari ya kushusha mizigo na nani anatoa takataka. Kama mkataba wako hautaji, omba kanuni za jengo. Kama hakuna kanuni, umeshapata jibu. Kelele zikizidi na msimamizi hasikii, kuna halmashauri ya jiji na kuna baraza la mazingira, NEMC, ambalo lina ofisi ya kanda hapa Arusha. Peleka malalamiko kwa maandishi, na msaini watu zaidi ya mmoja. Barua ya mtu mmoja huwekwa kando ikaitwa ya mgomvi.

Neno la haraka kuhusu upande wa nyumba. Meru uko kaskazini ya jiji, na sisi tuko kusini mwa ikweta. Dirisha linalotazama kaskazini linakupa mlima, na pia linakupa jua lile dogo la Juni na Julai, miezi ambayo Arusha watu wanavaa makoti ofisini. Nyumba ya upande wa kusini huwa na baridi zaidi msimu huo. Kama una mtoto mchanga, hilo lina maana kuliko rangi ya marumaru.

Kwa anayetafuta fremu

Mfanyabiashara, kwako wewe tofauti ya ghorofa ni tofauti ya riziki. Mteja wa Arusha anashuka kwenye kifodi, daladala yetu ndogo, anaangalia kilicho mbele ya macho yake, ananunua, anapanda kifodi kingine. Ghorofa ya kwanza hapandi mpaka awe na sababu iliyomtoa nyumbani: fundi wake wa nguo, daktari wake wa meno, wakala wake wa safari. Kwa hiyo duka la viatu na la vifaa vya simu lipiganie chini. Ofisi ya wakili, ya uhasibu au ya utalii inaweza kwenda juu, kwa kodi nafuu, mradi ubao wa majina pale chini uwe mkubwa na lifti iwe inafanya kazi. Lifti ikifa mwezi mmoja, biashara za juu hufa nayo.

Simama nje ya jengo saa tano asubuhi siku ya kazi na uhesabu kwa nusu saa watu wanaoingia. Usihesabu wanaopita, barabara ya Sokoine inapitisha watu wengi wasiokuwa na habari na mtu. Angalia pia machinga wamepanga nini mbele ya geti. Kama wanauza kitu kilekile unachotaka kuuza wewe, nao hawalipi pango, hesabu zako zibadilike.

Ukiambiwa kilemba, yaani fedha ya kumwachia anayetoka kwenye fremu, tulia. Kilemba hulipwa kwa mpangaji mwenzako, na mwenye jengo anaweza akawa hana habari. Usitoe hata senti kabla hujakaa na mwenye jengo mwenyewe, akakubali kwa maandishi kwamba wewe ndiye mpangaji mpya na kwa muda gani. Wapo waliotoa mamilioni ya kilemba wakakuta mkataba wa aliyewauzia umebakiza miezi miwili.

Na hili la kodi ya zuio. Ukiwa mfanyabiashara unayelipa pango, sheria inakutaka uzuie asilimia 10 na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye jengo. Wenye majengo wengi hukwambia, "Mimi nataka laki tano yangu mkononi." Maana yake kodi umetwishwa wewe. Hapo pango lako halisi si laki tano na nusu. Ni shilingi 555,556, kwa sababu asilimia 10 inatolewa kwenye jumla, na kinachobaki ndicho laki tano. Weka hesabu hii mezani wakati wa kupatana, kabla ya kushikana mikono. Usisahau na ushuru wa stempu wa mkataba, asilimia 1 ya pango la mwaka.

Jengo lenyewe limesimamaje

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Ikaelezwa baadaye kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa pungufu ya zile. Novemba 16, 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa nne Kariakoo likaanguka na biashara zikiwa zimeshafunguliwa, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. La kwanza lilikuwa bado halijahamiwa, la pili lilikuwa limejaa maduka. Kwa hiyo kusema "mbona linakaliwa na watu" si ushahidi wa uimara.

Sisi hatuna vipimo vya mhandisi, lakini tuna macho na midomo. Uliza kibali cha ujenzi ni cha ghorofa ngapi, kisha toka nje uzihesabu. Kama jengo bado linaendelea, soma kibao cha mradi. Kinatakiwa kuonyesha mwenye mradi, mkandarasi, mhandisi na msanifu. Mkandarasi anasajiliwa na CRB, mhandisi na ERB, na unaweza kuulizia usajili huo. Ogopa jengo ambalo mwenyewe anachimba chini ili kupata fremu zaidi, au anavunja kuta za chini ili duka lipanuke, au anaongeza ghorofa moja "ya mabati tu" juu. Nyufa za plasta ni nyembamba na hutawanyika kama utando. Ufa unaokatiza nguzo au boriti si wa kupigwa rangi, ni wa kuitiwa mhandisi.

Arusha tuna sababu ya ziada. Tunakaa kando ya Bonde la Ufa. Mwezi Julai 2007 matetemeko yaliyoanzia upande wa Ziwa Natron yalisikika hapa mpaka Nairobi. Na mito yetu, Naura na Themi, huonekana mifereji mitulivu mpaka masika yaje. Jengo lililosogea kingo za mto ulitazame mara mbili, na ukiweza ulitazame Aprili.

Moto sasa. Hesabu ngazi: kama ni moja tu na imezunguka lifti, moshi ukiingia humo hakuna njia nyingine. Angalia mitungi ya kuzimia moto, usome kadi yake ilikaguliwa lini mara ya mwisho. Jaribu mlango wa dharura. Nimekuta mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda Usa River. Namba ya Zimamoto ni 114. Iandike nyuma ya mlango wako.

Kwa anayenunua

Kununua nyumba ghorofani ni tofauti na kununua kiwanja. Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008 inaruhusu mtu kuwa na hati ya sehemu yake ndani ya jengo, huku ngazi, lifti, paa, uwanja na ardhi vikiwa vya wamiliki wote kwa pamoja, chini ya chama chao. Sehemu yako ndiyo inayopima uzito wa kura yako na mchango wako. Hivyo muulize muuzaji maswali matatu. Hati ya sehemu hii ipo, au ipo hati kubwa ya kiwanja tu na ahadi? Chama cha wamiliki kimeundwa, na kikao cha mwisho kilikuwa lini? Mfuko wa matengenezo una kiasi gani leo? Lifti ikihitaji kubadilishwa na mfuko hauna kitu, bei uliyonunulia ni nusu ya habari.

Fanya upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati, mwenyewe au kupitia wakili wako, ujue kama jengo limewekwa rehani benki. Wakili awe wako, asiwe yule aliyeletwa na muuzaji.

Ukinunua jengo kabla halijajengwa, kwa kuangalia picha, kumbuka Morocco Square ya Dar es Salaam. Mradi ule ni wa Shirika la Nyumba la Taifa, taasisi iliyokuwepo tangu mwaka 1962, wenye minara ya ofisi, hoteli ya vyumba 81, nyumba 100 za makazi na eneo la maduka. Hata hivyo ulisimama kwa miaka kadhaa kabla ya kuendelea. Kama mradi wa shirika la umma la ukubwa huo unaweza kusimama, mradi wa mtu binafsi pia unaweza. Lipa kwa hatua za ujenzi zinazoonekana kwa macho, na mkataba useme fedha inarudi vipi na lini kazi ikilala.

Mkataba na ada ya huduma

Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, hivyo ngao kubwa ya mpangaji leo ni karatasi aliyosaini. Isome yote, ukiwa umekaa. Itaje pango, muda, notisi ya kila upande, kodi inaweza kupanda lini na kwa kiasi gani, na dhamana itarudi baada ya siku ngapi. Ukilipa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, kama ilivyo desturi yetu, lipia benki, na risiti iandike kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani.

Pango lisiandikwe kwa dola. Mazoea hayo yalikuwa makubwa Arusha kwa sababu ya utalii na mashirika, lakini kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kupanga bei na kudai malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Atakayekwambia "dola mia tano au nenda", mkumbushe kwa adabu.

Ada ya huduma ndiyo inayoficha mambo. Dai orodha ya inachonunua: ulinzi, usafi, lifti, dizeli, maji, takataka. Dai pia njia ya kuigawa. Kama nyumba na mgahawa vinalipa sawa wakati mgahawa unatumia lifti, maji na takataka mara kumi yako, wewe unauchangia mgahawa huo bila kula hata sahani moja.

Ziara tatu

Ukiyaona mambo haya ni mengi, yote yanaingia katika ziara tatu. Ya kwanza Jumatatu saa mbili asubuhi, uone foleni ya lifti na maegesho. Ya pili Jumamosi saa tano usiku, bila dalali, usimame koridoni dakika kumi usikilize. Ya tatu Jumapili mchana, ufungue bomba la juu kabisa. Kila ziara msalimie mlinzi na mtu wa usafi, uwaulize habari za jengo, usiwakatize. Wao hawana kamisheni.

Mimi nilikaa pale mwaka mmoja, kwa sababu nilikuwa nimelipa mwaka mmoja. Wapangaji wa juu tulikaa kikao kwenye ngazi, tukaandika barua, na mwezi wa nne pampu ikahamishiwa mita ya jengo. Nilipohamia nilipo sasa, dalali alinipangia saa moja asubuhi kama kawaida yao. Nikamwambia nitakuja Jumapili saa saba mchana. Nilipofika, Meru ulikuwa umefunikwa wote. Nikamwomba anipeleke kwenye tenki.